Mwandishi wa Gazeti Aliyemzaa Pinocchio

Majuma machache yaliyopita nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili somo la usanifishaji wa lugha, na katika kutafuta mfano ulio mbali na Afrika Mashariki nikakitaja kitabu cha Pinocchio. Wote walikijua. Walimjua yule kikaragosi wa mti ambaye pua yake hurefuka kila asemapo uongo. Nilipowauliza aliyekitunga ni nani, karibu darasa zima lilijibu kwa sauti moja kwamba ni Walt Disney. Kijana mmoja aliyeketi nyuma alisita kidogo, kisha akasema kwamba labda ni ngano ya kale isiyo na mtunzi, mfano wa zile za Sungura na Fisi.

Sikuwalaumu. Filamu ya Disney ya mwaka 1940 ndiyo iliyoieneza hadithi hii duniani kote, na jina la mtunzi halikuenea nayo. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria mtu huyu aliyemezwa na kiumbe chake mwenyewe, kama vile mchongaji mzee wa hadithini alivyomezwa na papa. Walimu wa Kiswahili wana la kujifunza katika maisha yake, na somo hilo halihusiani sana na kuwakanya watoto wasiseme uongo.

Alizaliwa mjini Florence, katika jimbo la Toscana, tarehe 24 Novemba mwaka 1826, akapewa jina la Carlo Lorenzini. Wakati huo hapakuwa na nchi iitwayo Italia. Palikuwa na vidola kadhaa, kila kimoja na mtawala wake, na sehemu kubwa ya kaskazini ilikuwa chini ya Austria. Baba yake, Domenico, alikuwa mpishi, na mama yake, Angiolina Orzali, mshonaji, wote wawili wakiwa watumishi wa ukoo wa Ginori, mabwanyenye waliomiliki kiwanda mashuhuri cha vyombo vya kauri. Carlo alikuwa kifungua mimba katika nyumba ya watoto kumi, na wengi wa ndugu zake walifariki wangali wadogo. Mtoto wa mpishi katika jumba la tajiri hujifunza mapema kwamba harufu ya chakula si chakula. Yeyote aliyeisoma hadithi ya Pinocchio yenyewe, si ile ya filamu, atakumbuka jinsi njaa ilivyoijaa tangu mwanzo hadi mwisho: yai linalovunjwa likatoka kifaranga kikaruka dirishani, peasi tatu ambazo kikaragosi anadai zimenywe maganda, kisha kwa njaa akayala maganda yenyewe na vikonyo vyake.

Mama yake alikuwa na asili ya kijiji cha Collodi, kilichoning'inia ubavuni mwa kilima karibu na mji wa Pescia, ambako babu yake mzaa mama alikuwa msimamizi wa shamba la akina Garzoni. Carlo alikaa huko sehemu ya utoto wake. Jina la kijiji hicho ndilo alilolichukua baadaye kuwa jina lake la kalamu.

Bwana wa jumba alimlipia karo, akapelekwa seminari ya Colle Val d'Elsa mwaka 1837 ili awe padri. Upadri haukumwingia. Aliondoka baada ya miaka mitano hivi, akasoma balagha na falsafa kwa mapadri wa Scolopi mjini Florence, kisha kabla hajatimiza miaka 20 akaajiriwa katika duka la vitabu la Piatti. Mimi nauhesabu mwaka alioingia duka lile kuwa ndio mwaka aliojiunga na chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo mafupi ya vitabu vipya kwa ajili ya wanunuzi: kusoma kitabu kizima na kukieleza kwa sentensi chache ambazo mtu aliye na haraka atazielewa. Mwaka 1845 alipata hata kibali cha Kanisa cha kusoma vitabu vilivyopigwa marufuku. Kutoka hapo hadi magazetini palikuwa hatua moja tu, na kufikia mwaka 1847 alikuwa tayari anaandika makala za muziki na za sanaa.

Kisha ukaja mwaka 1848, mwaka ambao Ulaya nzima iliwaka moto. Watu wa kaskazini mwa Italia waliinuka dhidi ya Austria, na Lorenzini, kijana wa miaka 21, akajitolea kwenda vitani. Alipigana huko Curtatone na Montanara, karibu na Mantova, mwezi Mei, katika kikosi cha watu wa Toscana ambamo walikuwamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pisa bega kwa bega na walimu wao. (Kila ninapolisoma jambo hili hujiuliza ni wangapi katika idara yangu wangekwenda.) Walishindwa. Aliporudi Florence, hakuwa na bunduki tena, akaanzisha gazeti.

Gazeti hilo aliliita Il Lampione, yaani taa ya barabarani. Jina lilieleza nia: kuwamulikia wale watembeao gizani. Lilikuwa gazeti la kejeli na vibonzo, lenye sentensi fupi fupi kama makofi, lililomcheka mkubwa kwa lugha ya mdogo. Mwandishi wa kejeli hana nafasi ya kupamba. Msomaji wake yuko mkahawani, amesimama, kikombe mkononi. Asipocheka kufikia mstari wa tatu amelitupa gazeti. Mwaka 1849 Mtawala Mkuu Leopoldo wa Pili alirejeshwa kitini Florence kwa msaada wa majeshi ya Austria, na taa ikazimwa.

Miaka kumi iliyofuata naipita haraka, kwa kuwa ni miaka ya kuhangaikia mkate. Alianzisha gazeti la michezo ya kuigiza mwaka 1853, akalipa jina Lo Scaramuccia. Mwaka 1856 alitoa kitabu cha ajabu ajabu, nusu riwaya na nusu kiongozi cha abiria, kuhusu reli mpya ya kutoka Florence hadi Livorno. Ilikuwa mwaka huo pia alipoanza kutumia jina la Collodi. Alitunga tamthilia ambazo leo hazisomwi ila na watafiti. Alicheza kamari, na kamari ikamchezea; madeni yalimwandama karibu maisha yake yote. Hakuoa. Mwaka 1859 vita vilipozuka upya alijitolea mara ya pili, safari hii katika askari wapanda farasi wa Piemonte, na mwaka 1860 akaiwasha tena ile taa yake, gazeti likatoka baada ya kimya cha miaka 11.

Hapa pana jambo ambalo wanaompenda huwa wanalipitia kimya kimya. Mwaka huo huo wa 1860 mhariri huyu aliyefungiwa gazeti na watawala aliingia katika tume ya kudhibiti michezo ya kuigiza. Aliyekatwa ulimi akakabidhiwa mkasi. Baadaye aliendelea na kazi za ofisi za serikali mjini Florence kwa miaka mingi, akiandika magazetini pembeni. Simtetei. Mwandishi asiye na shamba wala urithi hula anapopata, na pengine ndiyo maana katika hadithi yake hakuna mwenye cheo anayeheshimika: polisi humkamata asiye na kosa, waganga hubishana juu ya kitanda cha mgonjwa bila kumtibu, na hakimu, ambaye ni sokwe mzee, humtia gerezani aliyeibiwa kwa sababu ameibiwa.

Italia ikazaliwa mwaka 1861. Nchi ikapatikana, lakini lugha je? Msomaji wa Kenya atalielewa swali hili upesi kuliko Mwingereza. Wakati wa muungano watu 78 hivi katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwanaisimu Tullio De Mauro, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alikadiria kwamba walioweza kuitumia lugha ya Kiitaliano walikuwa asilimia 2.5 tu ya watu wote. Arrigo Castellani alimpinga mwaka 1982 akaipandisha hesabu hadi karibu asilimia 10. Tuchukue yoyote tupendayo. Waliobaki, yaani watu tisa katika kila kumi au zaidi, walizungumza lugha za kwao: za Sicilia, za Napoli, za Venezia, za Piemonte. Kiitaliano kilikuwa lugha ya vitabu, na vitabu vilikuwa vya wachache.

Mwaka 1868 waziri wa elimu, Emilio Broglio, alimwomba Alessandro Manzoni atoe rai. Manzoni, mzaliwa wa Milano, alikuwa mtunzi mkubwa kuliko wote wa wakati ule. Alikuwa ameichukua riwaya yake mashuhuri akaifua upya yote ili iwe na ladha ya usemi wa Florence. Rai yake ilikuwa hiyo hiyo: taifa lichukue lugha hai ya Florence, inayosemwa mjini siku hizo, na liisambaze kwa kamusi na kwa walimu. Kamusi ikaanza kutengenezwa, chini ya waziri huyo na Giovan Battista Giorgini, mkwe wa Manzoni. Miongoni mwa walioitwa kusaidia mwaka huo alikuwamo Carlo Lorenzini, mtoto wa mpishi, mwandishi wa kejeli, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kwamba aliyajua masikioni maneno ya sokoni, ya jikoni na ya jukwaani.

Kamusi yenyewe ilianza kuchapishwa mwaka 1870 na haikukamilika hadi 1897. Na kichwa chake tu kilitosha kuzua ugomvi. Watungaji waliandika neno lenye maana ya “mpya” kwa namna ya Florence, novo, ilhali Waitaliano waliosoma waliandika nuovo. Mwaka 1873 mwanaisimu Graziadio Isaia Ascoli aliliwekea kidole neno hilo moja akaanzia hapo kuubomoa mpango mzima. Alisema, kwa ufupi, kwamba lugha ya taifa haitoki katika mtaa mmoja kwa amri ya waziri; hutokana na watu wengi kufanya kazi nyingi za akili kwa pamoja, na pale ambapo kazi hizo hazifanywi hakuna kamusi itakayosaidia. Leo Waitaliano wanaandika nuovo.

Nikifika hapa darasani sihitaji kuwaonyesha wanafunzi njia. Wao wenyewe huutaja mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na ile Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, na wapenzi wa Kimvita ambao hadi leo huona uchungu kwamba mato yao yalifanywa macho na nti yao ikafanywa nchi. Mabishano ni yale yale. Tofauti ni kwamba kule Italia mmoja wa watu waliokuwa wakikusanya maneno ya kamusi alikwenda nyumbani baadaye akayatia maneno hayo kinywani mwa kikaragosi, na kikaragosi akafika kwenye nyumba ambazo kamusi haikuzifikia. Hata hivi leo Mwitaliano anayewataja paka na mbweha huwa anawasema walaghai wawili, na anayeitaja nchi ya vitu vya kuchezea huwa anaisema raha ya kijinga yenye mwisho mbaya. Misemo hiyo ilitoka katika kitabu cha watoto.

Lakini nimetangulia mbele ya hadithi. Lorenzini hakuanza kuwaandikia watoto kwa wito. Alianza kwa kuajiriwa. Mwaka 1875, akiwa karibu miaka 49, ndugu wawili wa Florence wenye nyumba ya uchapishaji, akina Paggi, walimpa kazi ya kutafsiri hekaya za Kifaransa za Perrault na wenziwe. Alizitafsiri kwa usemi wa Florence uliochangamka, na walezi wakazipenda. Wachapishaji wakaona soko. Italia ilikuwa ikijenga shule. Sheria ya Coppino ya mwaka 1877 iliwalazimu watoto wa miaka 6 hadi 9 kwenda darasani. Shule zilitaka vitabu, na kitabu kilichotawala wakati ule, kiitwacho Giannetto, kilikuwa kimeandikwa miaka 40 iliyotangulia, kikiwa na mtoto mwema asiyekosea hata siku moja. Lorenzini akatoa chake mwaka huo wa 1877, akakiita Giannettino, na mtoto wake alikuwa mtundu, mlafi na mvivu wa kusoma. Minuzzolo kilifuata mwaka 1878, kisha vya sarufi, vya hesabu na vya jiografia. Waalimu walimfurahia, wengine walilalamika kwamba anachekesha mno.

Naye mwenyewe hakuwa mshabiki kipofu wa sheria ya shule. Aliandika katika makala moja kwamba kabla ya kitabu mtoto huhitaji mkate, na kwamba kumfundisha mwenye njaa alfabeti ni kuanza kazi kwa nyuma. Miaka michache baadaye aliligeuza wazo hilo kuwa tukio: Geppetto, fukara asiye na senti, anauza koti lake wakati wa baridi kali ili amnunulie mwanawe kitabu cha alfabeti, na mwana anakiuza kitabu hicho ili aingie mchezoni. Walimu wengi huisoma sura hiyo kama onyo kwa watoto watoro. Mimi huisoma nikilitazama lile koti.

Mwaka 1881 jarida jipya la watoto, Giornale per i bambini, lilianzishwa Roma chini ya Ferdinando Martini, mwanasiasa na mwandishi. Jina hili la Martini lina njia iliyofika hadi kwetu: mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa gavana wa Eritrea kuanzia mwaka 1897 hadi 1907. Rafiki yake Lorenzini, Guido Biagi, alikuwa akimsihi alete chochote. Mwandishi wetu alikuwa amestaafu kazi ya ofisi, amechoka, ana madeni. Mwishowe akatuma kurasa chache na kijibarua akisema kwamba huo ni utoto mtupu, waufanye watakavyo, ila wakiuchapisha wamlipe vizuri ili apate hamu ya kuendelea. Sehemu ya kwanza ilitoka tarehe 7 Julai 1881, katika toleo la kwanza la jarida, kwa jina la hadithi ya kikaragosi.

Nimetumia neno kikaragosi makusudi. Ni neno letu la kawaida, na asili yake ni Karagöz, yule mchekeshaji wa michezo ya vivuli ya Waturuki. Kumbe vikaragosi na maneno yao husafiri mbali kuliko mabalozi.

Tazama mtu huyu alivyoanza. Kila mtoto aliyezoea hekaya alitarajia mfalme katika sentensi ya kwanza. Mwandishi anamwambia mtoto kwamba anajua anachotarajia, na kwamba atapewa kipande cha kuni. Hiyo ni mbinu ya mwandishi wa magazeti, anayemshika msomaji shati kabla hajageuza ukurasa. Kinachofuata ni mazungumzo ya haraka haraka, maelezo ya mandhari karibu hayapo, na kila sehemu inaishia mahali ambapo mtoto hawezi kungoja juma lijalo. Miaka 30 ya kuandika kwa mhariri anayesubiri nyuma ya mlango haikupotea. Yule nyenje mwenye busara, ambaye katika filamu amevaa kofia na kuimba, kitabuni anatoa nasaha ukurasa mmoja na nusu hivi, kisha kikaragosi anamrushia nyundo, anabaki amebandika ukutani. Wanafunzi wangu walishtuka nilipowasimulia. Mtoto wa mwaka 1881 nadhani alicheka, kwa kuwa naye alikuwa na nyenje wake nyumbani.

Katika sura ya 15, mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, walaghai wawili walimtundika Pinocchio kwenye mwaloni mkubwa akafa. Hapo mwandishi aliweka nukta, hadithi ikawa imekwisha. Ndivyo alivyokusudia: mtoto mpumbavu, marafiki wabaya, kitanzi. Wasomaji wadogo hawakukubali. Barua zilimiminika, Martini na Biagi wakamshika, na mnamo Februari 1882 kikaragosi alifufuliwa, sasa kwa jina la Mikasa ya Pinocchio. Iliendelea kwa kusitasita, miezi mingine haikutoka kabisa, hadi Januari 1883, jumla sura 36. Mwaka huo huo Felice Paggi akaichapisha kuwa kitabu, Enrico Mazzanti akiichora.

Sasa, msomaji mwenzangu, hesabu sura. Pua inayorefuka kwa sababu ya uongo inatokea katika sura ya 17. Kabla ya hapo ilikwisha kurefuka alipokuwa akichongwa, bila uongo wowote. Laiti watoto wangenyamaza, dunia isingekuwa na jambo lile moja ambalo kila mtu analijua kuhusu Pinocchio. Wala isingekuwapo nchi ya kuchezea, wala watoto wanaogeuka punda, wala mzee aliyekaa miaka miwili tumboni mwa papa akiwasha mishumaa ya meli iliyomezwa. Nusu bora ya kitabu iliandikwa kwa kuwa wasomaji waliidai.

Nayasema haya nikiwa na uchungu kidogo. Nimesoma insha za wanafunzi wetu kwa miaka mingi, za shule na za waliokwisha kuingia chuo kikuu, na najua jinsi zinavyoanza. Ni alfajiri, majogoo yamewika, ndege wanaimba nyimbo tamu, jua linachomoza kama sahani ya dhahabu. Kijana aliyeamshwa na matatu na honi yake hathubutu kuiandika matatu. Amefundishwa kwamba Kiswahili kizuri ni kile ambacho hakisemi, na kwamba kila aya idaiwe methali kama ushuru. Baadaye anakuwa mwalimu, au anakuwa mtunzi wa vitabu vya watoto, na watoto wa vitabu vyake wanazungumza kama hotuba ya harusi. Kisha tunakaa katika makongamano tukiuliza kwa nini watoto hawasomi Kiswahili.

Najua nitaambiwa kwamba Lorenzini alibahatika, kwamba lahaja ya mtaani kwake ndiyo iliyoteuliwa kuwa sanifu, ilhali mtoto wa Kisumu au wa Nyeri hana bahati hiyo. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Ascoli angeiunga mkono. Lakini hata Florence yenyewe ilikuwa na waandishi wengi wazawa ambao vitabu vyao vya watoto vimekufa, vilivyoandikwa kwa lugha ya kuvaa suti. Lahaja ilikuwa ya wote. Aliyeisikiliza ni mmoja, na alijifunza kuisikiliza kwa kazi ambayo wasomi wa wakati wake waliidharau. Kwetu pia wapo watu wanaoandika kila siku Kiswahili chepesi, kinachoeleweka, chenye uhai, katika taarifa za michezo, za mahakama na za soko. Sijaona wachapishaji wengi wakiwabishia hodi kuwaomba hadithi ya mtoto. Akina Paggi walibisha.

Baada ya Pinocchio kulikuwa na maisha mafupi tu. Alilihariri lile jarida la watoto kwa muda, akaandika hadithi nyingine ambazo hazikufikia ile. Mama yake alifariki mwaka 1886, na wanaosimulia maisha yake wanasema hakuchangamka tena. Usiku wa tarehe 26 Oktoba 1890, akirejea nyumbani mtaa wa Rondinelli mjini Florence, alianguka ghafla mlangoni akakata roho, akiwa amebakiza majuma manne kutimiza miaka 64. Alizikwa katika makaburi ya San Miniato al Monte, juu ya kilima kinachoutazama mji. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ilitoka miaka miwili baadaye, kwa hiyo hakuiona. Hakuwaona pia wale walioandika, wakati wa ufashisti, vitabu vya kumvika kikaragosi wake shati jeusi na kumpeleka Uhabeshi. Na nadhani mhariri wa taa ya barabarani angekuwa na la kusema.

Makala zake za magazetini zilikuwa zimetawanyika kila mahali. Aliyezikusanya zikachapishwa vitabu mwaka 1892 alikuwa Giuseppe Rigutini, na Rigutini kazi yake ilikuwa kutunga kamusi.